Musiguse: Maisha ya Mama Athanasie Bora, Aliyeshona Macho ya Watoto

Bapapa na bamama, wachungaji na mapadri mliofika, ninyi wagonjwa wake wa zamani mlioketi pale mbele na miwani yenu, ndugu mliotembea kwa miguu kutoka porini na ninyi mlioshuka kutoka Kitshanga, mimi ni Bienvenu Lubala, mdogo wake marehemu, tumbo moja baba mmoja, na familia imenituma niwasomee maisha yake kabla hatujamteremsha. Kamati ya familia iliketi jana asubuhi ikaandika karatasi nzuri sana, yenye maneno laini, nayo iko hapa mfukoni mwangu, na mfukoni itabaki, kwa sababu jana saa sita mchana, wino haujakauka, palitokea jambo katika kilio hiki lililonichefua, na kwa sababu ndani ya karatasi ile mna uongo mmoja wa miaka kumi na moja ambao mimi naujua kuliko ninyi wote. Wivine, binti wa marehemu, ameshika simu na anarekodi kwa ajili ya mdogo wake Prince, ambaye hayupo kaburini leo, na ninyi mnaonong'ona juu yake, nyamazeni kwanza, nitafika kwake.

Mama Athanasie Bora Lubala alizaliwa hapa Itebero tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Papa Elisha Lubala, mkulima na mwindaji, na Mama Hélène Sifa, wote wawili wametangulia. Papa yetu alikuwa na desturi ya kumchongea kila mtoto wa kiume upinde mdogo akifikisha miaka mitano, wasichana hakuwapa, lakini Athanasie aliiba wa kaka yake na akapiga kuliko kaka yake, na ni katika mchezo huo, mwaka 1979, alipoona kwa mara ya kwanza mshale wa ubavu wa mchikichi ukiingia ndani ya jicho la mtoto, naye mtoto huyo alikuwa rafiki yake Verdiane. Bibi mmoja alitafuna majani akamtemea Verdiane ndani ya jicho, wa pili akakamulia humo maziwa ya mama anyonyeshaye, wa tatu akaleta mkojo wa mtoto mchanga, wakapokezana hivyo siku nne, na siku ya tano nyumba ile ilinuka hata mbwa hakuingia. Mama Verdiane mwenyewe amekaa pale kwenye kiti cha tatu, ananiitikia kwa kichwa, jicho lake ni moja mpaka leo.

Masomo ya msingi aliyafanya hapa Itebero kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, ya sekondari katika uuguzi aliyafanya Walikale, akapata diploma yake tarehe 20 Julai 1990, akaanza kazi ya uuguzi Masisi mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Tarehe 24 Aprili 1999 alifunga ndoa takatifu huko Kitshanga na Papa Muhindo Floribert, mfanyabiashara Mkatoliki aliyetoka Butembo, mtu wa lori na wa maneno machache, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Wivine aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2001 na Prince aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2007. Papa Muhindo alifariki kwa kisukari tarehe 2 Juni 2011, na tangu siku ile sisi ndugu wa upande wa mama tulijiita nguzo za nyumba ya dada yetu, na mtasikia tulikuwa nguzo za namna gani.

Kati ya mwaka 2002 na 2005 alisomea macho huko Goma, akafundishwa na madaktari wa macho hata kushona, akapewa ruhusa ya maandishi ya kumpasua mtoto aliyetobolewa jicho pale ambapo daktari yuko mbali kwa safari ya siku mbili, na mwaka 2006 akafungua kituo kidogo cha macho Kitshanga, vyumba viwili, meza moja ya kulazia na darubini moja ya kupasulia. Nawaeleza kazi yake kama alivyonieleza, maana wengi mlimwita mganga wa macho bila kujua alifanya nini. Jicho lililotobolewa ni kama yai bichi lililopasuka ganda, ukilibonyeza kilichomo kinatoka, na kikitoka hakuna anayekirudisha, kwa hiyo mtoto hutakiwa afike amefunikwa bila kubanwa, hajala wala kunywa ili aweze kulazwa usingizi wa dawa, achomwe sindano ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha, halafu yeye, akiangalia kwa darubini, anaosha, anarudisha ndani kile cha rangi kilichochungulia nje, anafunga kidonda kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kishono kimoja kimoja, saa nzima, saa mbili, bila kukohoa. Na baada ya kishono cha mwisho, alisema, kazi njo inaanza, yaani ndiyo kwanza inaanza, miezi ya matone na miwani, na kulifunika jicho zima saa chache kila siku ili lile bovu lijifunze upya kuona, kwa sababu jicho la mtoto lisipotumika hulala moja kwa moja.

Maneno yake kwa wazazi yalikuwa matano, aliyachora ukutani kwa rangi nyekundu, na hata walevi wa sokoni Kitshanga waliyaimba: musiguse, musichomoe, musitie kitu, mufunike na kikombe, mulete. Kikombe alichosema ni hiki hiki cha plastiki cha kunywea, alikikata kitako, akazungushia plasta kwenye ukingo, kikakaa juu ya mfupa wa nyusi na wa shavu bila kuligusa jicho lenyewe, na mkataji wake mkuu wa vikombe alikuwa Prince, ambaye hata kabla hajaanza shule aliketi kwenye ngazi ya kituo na mkasi wake.

Je, tulimsikia? Mawe wee! Mnisamehe Kiswahili cha karatasi kinaanza kunishinda. Tulimletea watoto ambao ndani ya macho yao mulikuwa maji ya tumbako, mulikuwa nyongo ya kuku, mulikuwa dawa ya meno, mulikuwa mate ya bibi mwenye meno yaliyooza, na mchungaji mmoja, ambaye yuko hapa na Biblia yake magotini, alifukuza pepo kwa kusukuma kidole gumba ndani ya jicho la mutoto wa miaka minne mpaka pepo, jicho na kila kitu vikatoka pamoja. Wakubwa nao walikuja kukifungua kituo, wakakata utepe, wakapiga picha kando ya darubini, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama uzi uko, naye aliomba uzi kwa barua miaka kumi na saba. Vita ilipotufukuza Kitshanga mwaka 2023 sisi tulibeba magodoro na sufuria, yeye alibeba kichwa cha darubini mgongoni ndani ya kitenge, na kwenye kizuizi kimoja watu wenye bunduki, sitasema wa nani, walimfungua kitenge wakacheka, wakaweka macho machafu yao kwenye vioo vile, wakavipangusa kwa mate. Alivipangusa upya, akashona watoto miezi mitatu chini ya hema la wakimbizi upande wa Mubambiro, kisha akarudi kwetu Walikale akafungua kituo tena.

Sasa nakuja kwenye uongo. Karatasi ya kamati inasema, nanukuu, kwamba mwaka 2014 mtoto Prince alipoteza jicho la kushoto kwa ajali ya kuangukia kijiti. Hakuna kijiti. Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014, dada yangu akiwa huku Walikale kwa kazi ya kupima watoto mpaka Jumanne, Prince na mwanangu Thierry walikuwa wanacheza mbele ya duka langu la vipuri vya baiskeli pale Kitshanga, walikuwa wananipigia kelele, nikawapa spoki mbili za gurudumu ili waniache, wakazinoa juu ya jiwe wakafanya mishale, kama tulivyofanya sisi hapa, na mshale wa Thierry ukaingia ndani ya jicho la Prince ukasimama humo.

Kituo kilikuwa mwendo wa dakika tano, na ndani yake alikuwemo dada Bibiche, muuguzi aliyefundishwa na marehemu, ambaye angemfunika, angemchoma sindano na kumpandisha moto, pikipiki ya abiria, kwenda Goma siku ile ile, lakini mimi, mjomba, nguzo ya nyumba, nilikibana kichwa cha mtoto kati ya magoti yangu nikaichomoa ile spoki kama mtu anayechomoa msumari kwenye ubao, na maji ya jicho, yenye moto, yakaniangukia vidoleni. Mama mdogo wetu Chantal, aliyeketi pale kwenye mkeka wa kwanza na ambaye tangu juzi analia kuliko wote, alitafuna majani akatema, akafunga kitambaa akakikaza sana. Halafu wazee wa familia wakasema damu ya ndugu imemwagika kwa mshale, na kwa desturi ya nyumba yetu mtoto aliyepigwa hatoki nje ya lupango, ua wa nyumba, mpaka kuku mweupe achinjwe na nyumba mbili zinawe mikono katika beseni moja, kuku mweupe hakupatikana Jumamosi, hakupatikana Jumapili, wakasema wa madoa hafai, na mimi nilinyamaza, kwa sababu mikono iliyokuwa inatafutiwa maji ilikuwa yangu na ya mwanangu. Siku tatu, ndugu zangu, tunatafuta rangi ya manyoya, mtoto anaoza mbele yetu, tunapika, tunakula. Mnaona aibu? Mimi nasikia kinyaa, ninapoinua tonge mpaka leo nanusa vidole vyangu.

Dada aliingia Jumanne tarehe 12 saa kumi alasiri, akasimama mlangoni hajamwona mtoto, akauliza nani ameoza humu ndani, kwa sababu harufu ile aliijua tangu utoto wake. Akafungua kitambaa, akaosha, akaangalia kwa muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: "Ni nani alichomoa?" Niliinua mkono. Hakunipiga, hakunitukana, alisema: "Bienvenu, hapa hakuna kitu cha kushona tena, na hili jicho likikaa litamuua lile lingine," na ni kweli, kwani jicho lililokufa likiachwa ndani linaweza kuliambukiza zima ubaya wake, mtoto akabaki kipofu kabisa. Barabara ya Goma, iliyokuwa wazi Jumamosi, sasa ilikuwa imekatwa na mapigano, daktari wa kumwachia hakuwepo, basi asubuhi ya tarehe 13 Agosti 2014 mama alimlaza mtoto wake wa kumzaa juu ya meza yake mwenyewe, Bibiche akamshikia taa, na akalitoa jicho lile kwa mikono yake. Alipomaliza alikwenda nyuma ya kituo akatapika, kisha akarudi kuwapokea wagonjwa wengine.

Jioni nilimwambia nitamweleza Prince ukweli akikua. Alikataa, akasema: "Prince iko na mujomba moja tu, na Thierry njo kaka yake. Ukisema, atawakosa wote. Nyamaza." Nikanyamaza, na nilifurahi kunyamaza, hilo nalo niliseme mbele ya maiti, nilifurahi sana, tukatunga kijiti, familia nzima ikakiapia kijiti.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua, na midomo ya watu haina mlango. Prince alipofika miaka kumi na tano, mtu mmoja sokoni alimwambia: "Mama yako njo alikutoa jicho, anashonaka ya batoto ya wengine, ya kwako akatupa." Alikimbia nyumbani akamuuliza mama yake, nami nilikuwepo, nilikuwa nakula bugali wake na sombe yake, na dada yangu akajibu, "Ndiyo, mimi njo nilitoa," basi, akanitazama nami nikatazama sahani. Tarehe 4 Septemba 2022 Prince alikwenda Butembo kwa ndugu za baba yake, na miaka mitatu hakupokea simu ya mama yake hata moja, naye alizidi kumpigia kila Jumapili baada ya misa, simu inaita mpaka inakatika, mimi nimekaa pembeni naona. Mdomo ninao. Sikuufungua.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo na kukonda, tarehe 11 Juni madaktari wa Goma wakakuta saratani ya ini, ikiwa imechelewa, tarehe 2 Septemba tukamleta hapa Itebero alikozaliwa, na akafariki juzi, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali, kama Prince amefika Walikale, maana Wivine alikuwa amempigia simu naye yuko njiani. Prince alifika hapa jana saa tatu asubuhi, safari ya siku sita, akasimama mbele ya sanduku, hakulia, akatoka akaketi peke yake kwenye magogo, na nilisikia mkisema mutoto huyu roho yake ni jiwe.

Saa sita mchana vijana walikuwa wanafunga hema hili kwa waya, mtoto Aimée, wa miaka mitano, mjukuu wa Mama Chantal, akauvuta mwisho wa waya mmoja, ukafyatuka, ukamtoboa jicho la kulia. Na ninyi mlifanya nini, ninyi mliokuwa mnamlilia Mama Athanasie kwa sauti mpaka ng'ambo ya mto, mliokuwa mmevaa vitenge vilivyochapishwa sura yake? Mlikuja mbio na maziwa ndani ya kijiko. Mlikuja na majani. Mama Chantal alikuwa ameisha kutafuna, nilimwona mashavu yamejaa, mbele ya sanduku la mtu aliyemwambia miaka kumi na tisa asitafune, na mzee mmoja akaanza kuulizia kuku mweupe kwa sababu damu imemwagika katika kilio. Nilikuwa tayari kwenda kuwazuia, lakini nilibaki nimeshika nguzo ya hema, na aliyepiga kelele hakuwa mimi.

"Musiguse!" Wengi mligeuka mkitazama sanduku, maana sauti ilikuwa ya marehemu mtupu. Alikuwa Prince. Alimsukuma Mama Chantal akaanguka na majani yake, akamwaga kile kijiko, akachukua kikombe mkononi mwa mtu aliyekuwa anakunywa chai ya kilio, akakimwaga, akakikata kitako kwa wembe, akakizungushia plasta, akamfunika mtoto bila kumbana, akamwambia mama wa mtoto asimpe hata tone la maji, akapanda naye moto, mtoto katikati, yeye nyuma amemshika mikono miwili asijikune, safari ya matope ya mchana na usiku mpaka Walikale kwenye kituo cha mama yake. Prince njo huko iko! Na ninyi jana yote na leo mnasema, "Mutoto gani anakimbia kaburi ya mama yake?" Chakula cha kilio hiki mmekila, basi mkitafune kimya.

Leo saa sita Bibiche ametupigia simu. Amemshona Aimée asubuhi, saa mbili nzima, vishono saba, kile cha rangi kimerudi ndani, na kabla hajamlaza mtoto aliona mwanga wa tochi akaonyesha kwa kidole unatoka wapi, kuona kwake tutakujua baada ya miezi, lakini jicho lipo. Alisema Prince angeweza kugeuza usiku ule ule arudi kwa maziko, amekataa kuondoka kitandani, kwa sababu mtu mmoja wa familia hii alikwisha tuma kichupa cha maji ya majani kwa dereva wa moto, na Prince amekivunja.

Wivine, sogeza simu. Prince, mimi ni mjomba wako Bienvenu, nasema mbele ya mama yako na mbele ya watu wote hawa. Mama yako hakukunyang'anya jicho. Spoki nilitoa mimi, niliichomoa mimi, kwa mkono huu ninaouinua, na nikakuacha siku tatu bila matibabu kwa kungoja kuku, na mama yako akaubeba uovu wangu miaka kumi na moja ili wewe usikose mjomba. Alilolitoa lilikuwa limekufa. Alilokuachia njo lile ulilotumia kumwokoa Aimée jana. Thierry yuko hapa karibu yangu, analia, alikuwa na miaka tisa, usimhesabie. Mimi unihesabie, na ukirudi usinisalimie kama hutaki, nitaelewa.

Familia inawashukuru madaktari wa Goma waliomhudumia, wauguzi wa Walikale na hasa dada Bibiche, majirani wa Itebero mliochimba kaburi na kupika, wafanyakazi wenzake mliofunga kituo leo ila chumba kimoja, kile anamolala Aimée. Kwa shukrani hiyo hiyo naomba kila anayeshika jani, kijiko ao kichupa mahali popote hapa, akitupe ndani ya shimo kabla ya sanduku, tufukie vyote pamoja.

Dada Athanasie, nenda ukapumzike kwa amani ambayo sisi hatukukupa. Mtoto amefunikwa na kikombe, Prince amemshika mikono, na safari hii hatukugusa.